Familia ya Kanda

Santina Ayot hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikasirika alishusha sauti, na hapo ndipo waliomjua walipoanza kutafuta mlango. Kwao ni Acholi, lakini alilelewa Kampala na kaka yake Komakech, konstebo, katika laini za polisi, yaani nyumba za askari, chumba kimoja na jiko la nje. Kaka ndiye aliyemsomesha. Kaka ndiye aliyemsindikiza siku ya kwanza ya kazi katika chumba cha kompyuta cha serikali, amevaa sare iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Mwaka 1974 Santina alikuwa amepanga chumba mtaa wa Kyebando, na kanda zote za sumaku za chumba kile zilikuwa mikononi mwake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kumbukumbu za askari zilikaa kwenye diski, sahani za chuma zilizobebana, kubwa kama sufuria ya harusi. Kila Jumamosi Santina alinakili diski nzima kwenye kanda. Hiyo ndiyo nakala kamili. Siku nyingine alinakili yale tu yaliyobadilika tangu Jumamosi, na hizo waliziita nyongeza. Nakala kamili zilikuwa tatu: babu, baba na mwana. Jumamosi ikifika, babu alifutwa, kanda yake ikabeba nakala mpya, wengine wakapanda cheo. Wageni walicheka wakisikia majina hayo. Santina hakucheka, maana diski ikifa, ni familia hiyo tu ingeweza kuirudisha.

Mwezi wa saba Komakech alichukuliwa. Watu wenye miwani ya jua, gari lisilo na namba, mchana kweupe, mbele ya mke wake Teresa aliyekuwa akianika nguo. Kampala nzima ilijua maana yake, na Kampala nzima ilijifanya haijui. Santina alilia mpaka macho yakavimba, akanawa, akaenda kazini.

Haukupita muda akaingia Kapteni Uthman, aliyepewa usimamizi wa ofisi bila kujua hata swichi iko wapi. Nyuma yake askari wawili walibeba diski nyingine, wameitoa kwenye Landrova ikiwa uchi, bila kifuniko, na vumbi lote la barabarani juu yake.

"Mama, ile diski ya zamani tunapeleka. Hii ndiyo itafanya kazi," alisema. "Hamisha faili zote. Lakini hii fungu hapana weka."

Fungu lenyewe lilikuwa la askari waliochukuliwa. Komakech alikuwamo.

"Hawa wako wapi, afande?"

"Hawa watu hapana iko."

Santina alielewa vizuri sana. Kila mwisho wa mwezi mashine ilichapisha majina ya askari, karatasi zikapelekwa kwenye laini. Ambaye jina lake halimo, jamaa zake hutupiwa vyombo nje. Teresa na watoto wangelala wapi? Na kaka yake, mtu mzima mwenye sauti na kikohozi na utani wake, angekuwa hakuzaliwa.

Diski ilibadilishwa, ile ya zamani ikapelekwa, fungu likaachwa nje. Hilo hakuweza kulizuia, bunduki zilikuwa mlangoni. Kapteni akasugua mikono.

"Sasa endelea na ile nyongeza yako. Na Jumamosi futa huyo babu."

Santina akashusha sauti. "Haiwezekani, afande. Diski ikibadilika, au faili za kunakili zikibadilika, familia ya zamani inaishia hapo. Nyongeza ya diski hii si ya nakala zile. Naanza na nakala kamili mpya, kwenye kanda mpya. Za zamani zinakaa mpaka mpya zijaribiwe zionekane zinasomeka."

"Kanda mupya iko wapi?"

"Hakuna. Tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe hatujaletewa hata moja."

"Basi futa ya zamani."

"Sifuti."

Ambroise, fundi wa mitambo aliyekimbilia Kampala kutoka Bukavu, alimvuta kando. "Dada Santina, unatafuta kufa? Fanya tu vile anasemaka, turudi nyumbani."

"Wewe rudi. Mimi niko kazini."

Kapteni akaweka bastola juu ya meza. Santina akaweka kalamu kando yake.

"Jina lako pia limo kwenye diski hii, afande, na la wakubwa wako. Nikifuta, hamna nakala nyingine popote. Andika kwamba umeamuru, utie sahihi, nami nitafuta sasa hivi."

Akaisukuma kalamu mbele. Siku zile kumuua mtu hakukuhitaji karatasi, ila karatasi iliweza kumuua aliyeiandika. Kapteni aliitazama kalamu, akachukua bastola yake. Alisema mwisho wa mwezi ataleta mtu mwingine wa kazi hiyo, na Santina atajuta. Akaondoka. Santina akafungia kanda zote kabatini, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

Mwisho wa mwezi ulipofika, kilichotangulia ni sauti. Asubuhi ile mtambo ulilia, chuma kikikwaruza chuma. Ambroise aliukimbilia akauzima, akafungua, akashika kichwa. Diski ya Kapteni, ile ya vumbi, ilikuwa imechimbika mifereji. Ndani yake halikubaki jina hata moja.

Kapteni alikuja akitoka jasho. Karatasi zilitakiwa siku hiyo hiyo, na mkubwa wake alikuwa ameshapiga simu.

"Rudisha!"

"Nirudishe nini, afande? Si ulisema nifute?"

"Hapana fanya mchezo na mimi! Rudisha!"

"Narudisha. Lakini wanarudi wote, hata wale uliowatoa. Sina kanda isiyo na wao."

Kapteni alitazama simu, akatazama kabati. "Rudisha," alisema, safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba.

Ambroise akafunga diski kuukuu ya akiba. Santina akapakia mwana kwanza, kisha nyongeza ya mwisho kabla ya mabadiliko. Mashine ikaanza kuchapa, karatasi zikashuka mikunjo kwa mikunjo, na katikati yake: Komakech, konstebo, yuko kazini. Santina akapitisha kidole juu ya jina.

"Wiki ijayo utawatoa tena," Kapteni alinong'ona.

"Lete kanda mpya, afande. Bila kanda mpya sigusi kitu."

Jioni alikwenda laini za polisi. Godoro la Teresa lilikuwa nje tayari, kwa kuwa laini ilikuwa imeambiwa mapema kwamba jina la Komakech halitakuwamo, na karani wa laini, karatasi mkononi, alikuwa akiwaamuru askari walewale waliolitoa waliingize tena. Teresa alisimama mlangoni, hajui acheke au alie.

"Wifi, wanasema yuko kazini," alisema. "Kazini wapi?"

Santina akashusha sauti. "Karatasi yao imesema yuko, basi wao ndio waliomtuma. Waulize wao. Na mwezi ujao karatasi ikija, waulize tena."

Teresa akamkabidhi mtoto, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa karani kuuliza.