Plagi Aliyoichomoa Baba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema mapema nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Kisanduku nitakachokieleza hapa nimekitukana kwa lugha tatu. Nimewahi kukipiga kofi. Siku hizi nikishuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kufua nguo hukipangusa vumbi na kukiambia asante, tena kwa sauti, na atakayecheka na acheke.

Baba alikuja kuishi nami Plymouth, huku ughaibuni, baada ya mama kufariki. Maisha yake yote alikuwa fundi wa simu kule Voi, mtu wa kupanda nguzo na kuunga nyaya. Alipofika alikuwa akisahau vitu vidogo tu: miwani, siku ya wiki, chai aliyotoka kuinywa. Mwaka wa pili akaanza kutoka nyumbani bila kuaga. Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba, nikamkuta amesimama kwenye kona ya barabara anangoja lori la kazini. Nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu theluji ilikuwa imeshaanguka. Januari ya huku inaua. Mzee akitoka na ndala akakaa nje nusu saa, vidole vinakwenda, na akizidisha hapo anakwenda mwenyewe.

Kaka yangu aliyeko Texas alisema tumpeleke kwenye nyumba ya wazee. Alisema kwa upole, lakini alisema kila Jumapili. Na mimi ndiyo kazi yangu hiyo: niko Bloomington kwenye nyumba ya namna hiyo, nawaogesha na kuwalisha wazee wa watu mpaka saa tisa alasiri. Sina ubaya nazo, zimenilisha miaka kumi na minne. Lakini nimeona jinsi mzee asiyejua lugha ya mahali anavyonyamaza, kidogo leo, kidogo kesho, mpaka wauguzi wanadhani alizaliwa hivyo. Baba akichoka, Kiingereza chote kilikuwa kinamtoka. Nikamwambia kaka, nipe msimu mmoja wa baridi. Nikishindwa kumlinda, mpeleke, wala hutasikia neno kutoka kwangu. Tukapatana hivyo.

Tatizo lilikuwa masaa matatu. Binti wa dada yangu, anayesoma chuo kikuu, alikaa na babu yake asubuhi mpaka saa nne, akaenda darasani, akarudi saa saba. Kati ya hapo Baba alikuwa peke yake na mlango. Nikaamua kuweka kamera nne: mlango wa mbele, mlango wa jikoni, ukumbini na sebuleni, niwe namwona kwenye simu nikiwa kazini. Mkongomani mmoja tunayefanya naye kazi, ambaye hufungia watu kamera siku zake za mapumziko, akanionya.

"Dada, usinunue za betri. Baridi ya hapa inazinywa betri kama maji. Za wifi nazo zitakusumbua na ukuta wa nyumba yako. Chukua swichi ya mtandao, ile inayopitisha intaneti na umeme ndani ya waya mmoja. Kamera haihitaji soketi. Waya mmoja, basi."

Ndicho hicho kisanduku. Cha chuma, cheusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, kina matundu manane upande mmoja na plagi moja ya kuchomeka ukutani. Nilikifunga Jumamosi kule besimenti, mahali intaneti inapoingilia nyumbani, kando ya mashine ya kufua. Nikachomeka waya wa intaneti, taa ikawaka. Nikachomeka waya uliokuja na kamera ya kwanza, niliyokwisha kuifunga mlango wa mbele, kwenye tundu la sita, kimya. Nikajaribu la saba, kimya. La nane, kimya. Ndipo nilipokipiga kile kofi.

Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo ya sabuni amejifunika blanketi, ananiangalia.

"Hiyo kamera inapata stima wapi?" akauliza.

"Kwenye waya huohuo wa intaneti, Baba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na simu zetu je? Ulidhani zilikuwa zinakula nini? Stima ilitoka kituoni ikapita kwenye waya wa simu. Hawa hawajavumbua kitu!" Halafu akaniashiria nimpe kisanduku. Akakigeuza, akakisogeza karibu na macho. "Mama, wewe unapiga kabla ya kusoma. Tazama hapa. Kuna mstari chini ya matundu manne. Haya manne ndiyo yanayotoa stima. Hayo mengine ni intaneti tupu."

Ni kweli. Mstari mwembamba wa rangi ya chungwa, na mimi nina macho mazima! Akachomeka waya kwenye tundu la kwanza kwa mkono wake. Taa ikapepesa, ikatulia kijani, na kwenye simu yangu pakatokea mlango wetu wa mbele, na ngazi zake, na theluji niliyoahirisha kuizoa.

Mchana ule sitausahau. Nilikuwa nimenunua waya mrefu wa kukatwa na vichwa vyake, pamoja na koleo maalumu la kuvibana, na nilikuwa naogopa vile vinyuzi vinane vya ndani ambavyo lazima vipangwe kwa rangi. Baba alisoma mpangilio mara moja kwenye karatasi, akauweka kando. Chungwa na nyeupe, chungwa, kijani na nyeupe, buluu, buluu na nyeupe, kijani, kahawia na nyeupe, kahawia. Alivinyoosha kwa kidole gumba, akavikata sawasawa, akavisukuma ndani ya kichwa, akabana. Vichwa sita vya kamera tatu zilizobaki, na hakuna hata kimoja kilichogoma. Asubuhi hiyo alikuwa ameniuliza mara tatu kama mama amerudi kutoka sokoni, na sasa mikono yake haikutetemeka. Nilijifanya natoa nguo kwenye mashine ili nilie vizuri. Nilifurahi hata nikaona haya.

Wiki mbili zilipita vizuri. Nilimwona akinywa uji, akisinzia, akizungumza na televisheni. Halafu siku moja simu ikaniandikia kwamba kamera hazipatikani, zote nne kwa mpigo. Nikampigia mpwa wangu akaahirisha chakula akaenda kutazama. Alisema ameikuta plagi imetoka, ameirudisha. Baada ya siku tatu, yaleyale. Nikawapigia watu wa intaneti, nikamsemesha kijana wa watu kama aliyeniibia kuku, naye maskini akanijibu kwa adabu kwamba kwao hakuna hitilafu. Nikamsema na Mkongomani pia, kwamba amenishauri kununua takataka.

Mara ya tatu nilikuwa nimetoka kazini mapema, nikafika mwenyewe kabla ya mpwa. Nikashuka chini. Plagi ilikuwa imechomolewa, na waya wake umezungushwa mizunguko mitatu, ukafungwa kiunoni kwa mkia wake. Kufunga waya namna hiyo ni kwa watu wa simu tu. Nikapanda ngazi nimepandwa na mori. Baba alikuwa amekaa kwenye kibao cha kuvulia viatu pale mlangoni, amevaa koti na kofia, ametulia kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Baba, ni wewe unayechomoa?"

"Nimezima," akasema. "Nyumba haiachwi na stima inawaka."

Nikakumbuka tulivyokuwa tukisimama juani kila Jumapili, sisi na mama na viatu vyetu vilivyong'arishwa, tukimngoja apite chumba hadi chumba akibonyeza kila soketi izime. Stima ya kwetu ilikuwa ikikatika na kurudi kwa kishindo, ilishaunguza redio ya jirani na nusu ya paa lake. Sasa soketi za huku hazina kitufe, kwa hiyo Baba anachomoa. Nilizunguka nyumba nikakuta amechomoa birika, televisheni, taa ya kitandani, hata saa ya jikoni. Na nilipaswa kucheka. Badala yake nikamfokea. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwamba ananitia wazimu, kwamba kaka alikuwa na haki. Akatazama chini.

"Samahani, mama," akasema.

Neno lile lilinichoma, lakini kichwa changu ni kigumu. Siku hiyohiyo niliagiza sanduku la chuma lenye kufuli, la kukipigilia kile kisanduku ukutani na plagi yake ndani, asikifikie tena.

Sanduku lilifika Jumatatu moja ya Januari. Jumanne nilikuwa kazini, saa tano asubuhi, wakati wa chai. Redio ilikuwa imeonya watu wasitoke bila sababu. Ilikuwa baridi ile ya kugandisha kope. Simu ikalia. Kamera hazipatikani. Zote nne.

"Ala! Mzee huyu!" nikasema, nikaitia simu mfukoni. Kesho nakitia kufuli kile kisanduku, nikawaza, tuone. Nikamimina chai, nikaweka sukari, na nilipokuwa nakoroga ndipo liliponijia. Koti. Siku niliyomkuta alikuwa amevaa koti na kofia, nami nikadhani anasikia baridi. Mpwa wangu naye alisema, mara zote mbili, "He was dressed, Auntie," na sikutia maanani. Baba hakuwa akichezea plagi. Alikuwa anatoka! Alizima kwanza kwa sababu alikuwa anatoka, akamalizia na besimenti, na kupanda zile ngazi kumi na mbili kulimchosha hata akasahau alikuwa anakwenda wapi. Siku zile alisahau. Nani alisema leo atasahau?

Kutoka Bloomington mpaka kwangu, barabara ikiwa safi, ni karibu nusu saa, na siku hiyo haikuwa safi. Nikampigia jirani wa nyumba ya mkabala, mwalimu mstaafu, bibi mzungu ambaye mpaka siku ile tulikuwa tukipungiana mikono tu na kulaumiana kimyakimya juu ya mbwa wake. Nilimwambia maneno matatu: baba yangu, mlango, tafadhali. Hakukata simu. Nilisikia mlango ukifunguliwa, mbwa akibweka, pumzi zake, viatu vyake vikikanyaga theluji, na mimi nimesimama katikati ya chumba cha chai nimeishika simu kwa mikono miwili, namwomba Mungu kwa Kitaita, lugha ambayo sikuwa nimeomba nayo tangu utoto.

Halafu nikasikia sauti ya Baba, ya taratibu, yenye heshima zote.

"Hujambo, mama. Nachelewa zamu."

Nilikaa chini sakafuni. Wenzangu walidhani nimefiwa.

Nilimkuta jikoni kwa yule bibi, miguu imefungwa taulo la moto, shingoni skafu ya zambarau isiyo yake, anakula biskuti. Alikuwa amefika kwenye masanduku ya barua mwisho wa barabara yetu, amevaa koti, kofia, na ndala. Vidole vyake vilikuwa vyekundu na vinauma, lakini vilikuwa vyake vyote kumi. Bibi alisema dakika nyingine kumi angekuwa amevuka barabara kubwa, kisha akamwongezea Baba biskuti. Nilimkumbatia bibi, nikamlowesha bega. Mbwa wake nilimsamehe palepale.

"Mbona umeacha kazi?" Baba akaniuliza, ananikazia macho.

Nikapiga magoti nikaishika miguu yake. "Nimekuja kukuambia asante, Baba."

"Asante ya nini?"

"Ya kuzima."

Akanitazama kama wanavyotazamwa watu wasio na akili. "Sasa mtu atatokaje bila kuzima?"

Sanduku la kufuli nililirudisha dukani bila kulifungua. Kisanduku nilikiacha palepale besimenti, plagi ikiwa wazi, mahali mkono wake unapofika, kwa sababu zile ngazi zinamchelewesha na kuchelewa kwake ndiko ninakokutaka. Bibi wa mkabala nilimwekea kamera zetu kwenye simu yake, na mpwa wangu vilevile. Zikizimika zote nne, hatuulizani kitu. Bibi anavuka barabara na biskuti, anamkuta mlangoni au kwenye ngazi, wanasalimiana kila mtu kwa lugha yake, anamrudisha ndani, anachomeka plagi. Amevuka mara tisa tangu siku ile. Sijui nitamlipa nini mwanamke yule, na nimeacha kujiuliza. Ninampelekea chapati, na ninamwombea.

Mwisho wa Machi kaka alipiga simu Jumapili kama kawaida. Baridi ilikuwa imelegea, na msimu tuliopatana ulikuwa umekwisha. Nilijua anachotaka kuuliza, naye alikuwa akizunguka pembeni.

"Na zile kamera," akasema, "bado zinazimika-zimika?"

"Zinazimika sana, kaka," nikamwambia. "Namshukuru Mungu zinazimika. Ngoja nikupe Baba umsalimie."