Uwanja wa Anyosisye

Mikono ya Tusekile ilianza kutetemeka mwaka uleule Wadachi walipoleta kodi ya nyumba, na yeye mwenyewe aliwahi kuisingizia kodi. Kodi haikuwa na kosa hapo. Ilikuwa pombe. Pale Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono mitupu, na mkono ukitetemeka mdomo wa chungu hupinda, kila mtu akauona. Wengine huweza kuficha ulevi wao ndani ya nyumba. Mfinyanzi huuanika juani pamoja na vyungu vyake.

Biashara ndiyo iliyomponza. Kila alipovusha vyungu kwa mtumbwi kwenda kuvibadilisha kwa nafaka Ngonga, wapika pombe walimkaribisha kimpumu, ile pombe ya ulezi inayonywewa ya moto, watu wameketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Ukiukataa mrija wanakuuliza wamekukosea nini. Tusekile hakupenda kuulizwa.

Kisha binti yake Marta, aliyeolewa kijiji cha pili, akajifungua mtoto wa kiume, Enoki. Bibi mtu alikwenda mbio kumpokea mjukuu. Marta akamkumbatia mtoto kifuani, asimtoe.

"Mtoto wangu wa kwanza ulianguka naye mlangoni, umelewa, mama. Huyu hutamshika mpaka uache pombe. Na usiniambie umeacha. Umeshaniambia mara tano."

Tusekile alilia njia nzima. Alipofika nyumbani, aibu hii nayo tuiseme, akanywa.

Lakini safari hii neno lilikuwa limemwingia. Alikwenda misheni, ambako mwalimu Ezra aliwakusanya kila Jumatano watu walioapa kuacha. Ezra alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuja na kibao na chaki: unasimama, unataja siku zako, anaziandika, watu wanapiga makofi. Wiki ya pili Tusekile alikuwa amekunywa juzi yake. Akasimama, akasema kumi na nne. Makofi yale yalimuuma kuliko fimbo, asirudi tena. Akajaribu kikao cha wazee wa kanisa. Walikuwa wanaume tupu, wakamweka nyuma karibu na mlango, wakaongea mpaka jioni juu ya wanawake wanaopika pombe.

Aliyemwokota ni jirani yake, mjane Anyosisye, ambaye alikuja kuomba moto akamkuta amekaa tu, udongo umemkaukia mbele.

"Mama Marta," alisema, "saa ile wenzetu wanapofungua vyungu vyao vya pombe, chukua udongo wako uje uwanjani kwangu. Tupo watatu. Ukiwa umekunywa, njoo hivyohivyo. Uongo tu ndio uuache kwako."

Akaenda. Walikuwepo Veronika na Asegelile, wanawake ambao Tusekile aliwafahamu tangu utoto, asijue kuwa nao wanapigana vita hiyohiyo. Walifinyanga. Mara mmoja alisema jana ilikuwa ngumu, wengine wakaitikia, kazi ikaendelea. Hakuna aliyepiga makofi. Vyungu vya siku zile, ukweli usemwe, vilikuwa na midomo kama ya watoto wanaotaka kulia, wala hakuna aliyevicheka isipokuwa wenyewe. Tusekile alikuwa akirudi nyumbani giza likiingia, hamu ikiwa imempita, akishangaa kwamba siku imekwisha.

Mwezi ukaandama, ukapita. Habari kwamba mama yake hanywi zikamfikia Marta, naye akatuma salamu: kesho nakuja na Enoki, utamshika.

Na siku hiyohiyo ya salamu, kule Ngonga, mtu alimnyooshea Tusekile mrija, naye akaupokea. Hakuna mtu wa Ikombe aliyemwona.

Kesho yake alifika uwanjani kichwa kikimgonga. Anyosisye akampa bonge la udongo. Tusekile akalishika, asilifinyange.

"Jana nilikunywa."

Veronika akasogea kumpa nafasi kivulini.

"Ndaga kwa kutuambia," alisema Anyosisye. Ndiyo asante ya huku. "Na Marta?"

"Marta hajui. Yuko njiani."

Hawakumwambia la kufanya. Asegelile aliuliza tu kama wawapishe, na Tusekile akasema, "Kaeni, tafadhali. Nikibaki peke yangu nitamdanganya."

Marta akatokea na mtoto mgongoni, uso umechangamka. Alisalimia wote. Mama yake hakumwacha hata akae.

"Mwanangu, nilikunywa jana. Siku zile nyingine zote ni za kweli. Ya jana siyo."

Uso wa Marta ukasawijika. Akamtazama mama yake, akawatazama na wale wanawake walioinamia vyungu vyao.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ungeweza kunificha."

"Ningeweza. Nimezoea."

Marta akafuta macho kwa kiganja. Kisha akaketi mkekani, bega kwa bega na mama yake, akafungua nguo iliyombeba mtoto.

"Nawa mikono, mama."

Tusekile akanawa. Akanawa mara ya pili, na ya tatu, mpaka Veronika akamwambia yatosha. Marta akamlaza Enoki mapajani mwa bibi yake, lakini akauacha mkono wake mmoja chini ya kichwa cha mtoto, na Tusekile hakuona vibaya.