Mbinja ya Kaveke

Kaveke alichunga ng'ombe kule Ndara bila fimbo. Alikuwa na mbinja. Alitia vidole viwili mdomoni, akapuliza, na ng'ombe waliotawanyika vichakani wakainua vichwa na kumfuata hadi zizini. Sisi wachungaji wengine tulikimbizana na wetu hadi jasho likatutoka, yeye amekaa kitako akitucheka. Nilimwonea wivu, sifichi.

Mdomo huo huo aliutia ugoro. Kila asubuhi aliuchota kwenye kikebe chake, akaupachika kati ya mdomo wa chini na fizi, ukakaa hapo mpaka jioni. Meno ya mbele yalipoanza kumuuma, aliyatibu kwa ugoro zaidi. Maumivu yakatulia, basi akajiona daktari, akanishauri na mimi nijaribu.

"Hilo jino lacheza kama mlango wa choo chetu," mkewe Katuku alimwambia. Akafungua kikebe, akachota tena.

Jioni moja ndovu walikuwa wanakaribia dimbwi ambapo ng'ombe wake walikunywa. Kaveke akatia vidole mdomoni, akapuliza. Ikatoka hewa tupu, na jino. Ng'ombe hata hawakugeuka. Tuliwafukuza ng'ombe hao kwa miguu na kelele mpaka wakatoka dimbwini salama, na Kaveke akalia mbele yetu wote. Siku hiyo sikuwa na hamu ya kumcheka.

Nikampeleka Voi kwa daktari wa meno, Rayhana.

"Mzee wangu, ugoro haukulitibu jino," daktari alisema. "Umelitia ganzi tu, huku ukizidi kuila fizi. Na hili doa jeupe mdomoni nitalipima, maana madoa haya huweza kugeuka saratani."

"Na mbinja?"

"Mbinja hairudi. Meno yaliyobaki tutayaokoa ukiacha ugoro."

Doa halikuwa saratani, ila Rayhana bado analichunga. Kaveke akatangaza ameacha. Uongo mtupu, kikebe kilikuwa mfukoni. Katuku akakichukua, akaumwaga ugoro jivuni, akatia changarawe na kumrudishia.

"Waite ng'ombe kwa hiki," alisema.

Ng'ombe walichukua muda kuzoea. Sasa akikitikisa, wanakuja. Akikijaza ugoro hakilii, nao hawaji.

Juzi nilimwona amekifungua, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Kisha akakifunga, akakitikisa, na ng'ombe wakainua vichwa.