Springi za Baba

Gunia lilikuwa chini ya kitanda cha mama, upande wa ukutani, na ndani yake mlikuwa na springi mbili za gari. Baba alizinunua kwa watu wa vyuma vikuukuu pale Kondele. Zilikuwa zimetolewa kwenye gari kubwa kuliko letu. Alizipaka grisi, akazifunga kwa magazeti, akazisukuma chini ya kitanda kama mtu anayeficha mbegu nzuri. Alikuwa anangoja siku ambayo gari lingeweza kulala gereji bila kazi yetu ya samaki kule Usenge kuharibika. Siku hiyo haikupatikana. Kwanza omena, dagaa wa ziwani, ilikuwa nyingi, halafu yeye akaanza kukohoa.

Mimi naandika polepole. Shule niliishia darasa la nane, na mbele ya watu maneno yangu hukwama kooni. Lakini jambo la hizi springi limenikaa moyoni, na nikisikia gari linalopasua masikio pale Kondele, mwili wote hupata joto.

Gari letu ni jeupe, la nyuma ndefu, aina ile ambayo kwetu hubeba kila kitu, kuanzia sukari ya Muhoroni hadi majeneza. Baba na mama walikuwa wakinunua omena Usenge, ikiwa imeshakauka juu ya nyavu mchangani, wakiileta kuuza Kondele. Mimi nilikaa nyuma, nimebanwa na magunia, kwa hiyo najua gari lilivyoteseka. Likijaa, nyuma ilishuka mpaka tairi zikasugua bodi. Pua ilitazama juu, na usukani ukawa mwepesi mkononi. Baba alichukia sana wepesi ule. Kwenye kona alikuwa akinyamaza ghafla, hata kama alikuwa katikati ya hadithi, na mama aliyekaa mbele alishika dashibodi. Springi zile zilikuwa za kumaliza hofu hiyo.

Sisemi baba alijua kila kitu. Aliwahi kununua sumaku kwa mchuuzi wa barabarani, akaifunga kwenye mpira wa petroli kwa sababu aliambiwa itapunguza matumizi. Haikupunguza chochote. Mama alipomcheka, alisema sumaku bado inazoea gari. Iliendelea kuzoea mpaka mwenyewe akafa. Mara nyingine fundi alimwambia thamostati, ile inayotunza joto la injini, ni kifaa cha nchi za baridi, kwamba hapa ziwani hakina kazi. Baba akakubali itolewe. Injini ikaanza kunywa petroli kama trekta ya miwa, naye akarudi kuomba kifaa chake bila kumtazama mtu usoni. Baada ya hapo alikuwa na swali moja kabla ya kuongeza au kutoa kitu: hili gari linabeba nini? Vijana walimwonyesha rimu pana, mkia wa plastiki wa kubandika juu ya mlango wa nyuma, bomba la moshi lenye mdomo kama sufuria. Aliwasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Linabeba omena. Omena haioni rimu."

Baba alipofariki, kaka yangu ndiye aliyeshika funguo. Yeye ni mkubwa kwangu na ana chumba chake Kondele, na ana marafiki wanaoongea kuhusu magari asubuhi hadi jioni ingawa wengi wao hawana hata baiskeli.

Kwetu mwanamume mzima hazikwi kimya. Zamani watu walitoka na madume ya ng'ombe na mikuki kukifukuza kifo mpaka mpakani, jambo tunaloliita tero buru. Siku hizi wanatoka na pikipiki na magari, wakipiga honi na kunguruma. Hilo silichukii. Nimekulia humo. Nilichochukia ni nilichokisikia nikiwa nje nakoroga uji wa waombolezaji, wiki ile ya msiba, kaka akiongea na fundi wake sebuleni.

"Gari ya mzee itampeleka nyumbani mara ya mwisho," kaka alisema. "Haiwezi kwenda kimya kama ya daktari."

"Omera, ndugu yangu, hiyo tunaifungua," fundi akasema. "Tunatoa sailensa, tunaweka bomba moja kwa moja na mdomo mkubwa. Italia mpaka ng'ambo ya ziwa wasikie. Na itavuta pia, maana sasa inapumulia pua iliyoziba."

"Pesa ya kukulipa ndiyo sina."

"Huna chuma chochote hapa nyumbani?"

Nikasikia kitanda cha mama kikisogezwa.

Niliingia na mwiko wa uji mkononi. Gunia lilikuwa katikati ya sebule, gazeti limeshachanwa, na fundi alikuwa amepiga goti akizungusha springi moja mkononi huku akitabasamu, maana alijua amepata nini. Nilisema, "Hizo ni za kubebea omena." Ilitoka kwa sauti ndogo.

Kaka hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Nyamera, dada yangu, omena itabebwa wiki ijayo," alisema. "Baba anazikwa Jumamosi."

Wanaume waliokuwa wameketi walicheka kidogo, kicheko kile cha msibani cha kuficha mdomo kwa mkono. Mmoja akaongeza kwamba siku hizi hata wasichana wamekuwa mainjinia. Mama alikuwa palepale, ameketi chini amenyoosha miguu. Nilimtazama aseme neno. Aliangalia ukuta. Springi zikatoka nje ya mlango begani kwa fundi, na uji ukaungua.

Siku ya Jumamosi gari lililia kweli. Tulipofika njia ya vumbi inayoingia nyumbani kijijini, kaka alikuwa akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia, na bomba likatema milipuko kama bunduki. Pikipiki zikajibu. Wazee walivunja matawi wakatutangulia wakiruka. Watoto walikimbia nyuma wakiziba masikio na kucheka. Watu walisema mzee amesindikizwa. Mimi nilikuwa kwenye gari jingine lililofuata na nilisaga meno njia nzima, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba ilipendeza.

Wiki iliyofuata tulirudi kazini Usenge, kaka kwenye usukani, mama mbele, mimi nyuma. Kaka alisema gari sasa linavuta. Halikuvuta. Mlima ni uleule, na gia aliyopandia ni ileile ya baba. Kilichozidi ni kelele, na kwa kelele ile mtu huamini anakwenda mbio. Nyuma, moshi uliingia kwa chini mpaka macho yakawasha. Watu wa omena pale ufukweni walimwita kaka rubani. Alipenda.

Tulipakia magunia kama tulivyozoea. Nyuma ikashuka kama ilivyozoea. Tofauti ni kwamba sasa lile bomba nene lilining'inia mahali ambapo zamani palikuwa na nafasi. Nilimwambia kaka linakaribia kugusa chini. Alisema kaa vizuri, shikilia magunia.

Kabla ya kufika Bondo kuna matuta. La kwanza bomba lilikwaruza. La pili lilishika. Gari liliruka, likadondoka kwa nyuma, na nikasikia chuma kikichanika chini ya miguu yangu. Usukani ukamcheza kaka. Tulikata upande wa pili wa barabara, mbele ya pikipiki iliyobeba mkaa, tukasimama magurudumu mawili yakiwa kwenye nyasi. Mwenye mkaa alitutukana kwa Kidholuo kisafi, akataja na mama yetu, aliyekuwa pale pale akimsikia. Kisha akaenda zake.

Mama alikuwa bado ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Kaka alishuka, akazunguka, akaona bomba limelala barabarani. "Lete hiyo, ni ya pesa," aliniambia.

Sikusogea. Kwa mara ya kwanza sauti yangu ilitoka yote. "Ungemuua mama kwa ajili ya kelele."

"Ni tuta. Kwani mimi ndiye niliyejenga tuta?"

"Baba alinunua springi. Ziko wapi?"

"Tutapata zingine."

"Ziko wapi?"

Alimgeukia mama, kama mtoto anayetafuta wa kumtetea. Mama alifungua mlango, akashuka polepole, akakaa kwenye nyasi.

"Mwache," aliniambia. "Nyathina, mwanangu, tangu baba yako alale mochari sikuwa nimetoa chozi. Watu walinitazama vibaya. Gari lilipoanza kulia pale njiani, ndipo na mimi nikaweza. Usiniambie ile kelele ilikuwa bure."

Lakini hasira haikuondoka. Mama alikuwa amepata chozi lake, na kidogo tumzike yeye kwa sababu ya kitu hichohicho. Nililiokota bomba kwa leso, maana lilikuwa bado la moto, nikalitupa juu ya magunia.

Fundi alimrudishia kaka sailensa ya zamani, iliyokuwa imelala nyuma ya gereji. Springi hakuwa nazo. Alituonyesha kwa kidevu gari lililokuwa likipakia abiria ng'ambo ya barabara, watu wamejazana mpaka buti, na nyuma yake imesimama juu, imara. "Zinafanya kazi nzuri sana," alisema, kana kwamba tungefurahi.

Sasa tunapakia nusu ya magunia. Mama ndiye aliyeamua, na kaka hulalamika kila safari. Bomba nililitia kwenye lile gunia la baba, nikalirudisha chini ya kitanda, upande wa ukutani.

Juzi kaka alikuja na rafiki yake. Ukumbusho wa baba unakaribia, na wanataka gari liende likilia tena. Alimwomba mama bomba. Mama alikuwa ameketi kitandani akichambua omena kwenye ungo. Alisogeza miguu, gunia likaonekana.

"Muulize mwenye gunia," alisema.

Kaka alinitazama. Rafiki yake akatazama simu.

"Leta springi," nikasema.

"Wewe, hiyo ni ya siku moja tu."

"Leta springi kwanza."

Alizungusha funguo kwenye kidole, kisha akatoka. Gari liliondoka kimya, kama la daktari. Mama aliendelea kuchambua, akitupa mchanga pembeni, na hakurudisha miguu yake mbele ya gunia mpaka omena ya kwenye ungo ilipokwisha.