Mayai ya Wageni

Kwetu Masisi, mgeni halishwi sombe tupu, majani ya muhogo peke yake. Hata nyumba inayokosa chumvi humwekea mayai pembeni, na watoto wanajua hayawahusu. Nami nimelelewa hivyo, nikimeza mate.

Watoto wawili wa kwanza wa dada yangu walizaliwa kabla vita havijawatoa kwenye shamba lao la kilimani. Ni warefu, wana migongo ya kubeba gunia. Wa tatu, binti, alizaliwa wazazi wakilima mashamba ya watu na kurudi jioni na muhogo tu. Huyu hakurefuka. Mama mkwe wa dada alikuwa na jibu lake: "Iko mufupi sawa babu yake." Majirani wakaridhika. Marehemu wa watu akabebeshwa lawama asizozijua.

Dada hakuridhika. Nilipomtembelea alikuwa na mimba ya nne. Akaniwekea bugali na sombe, basi. Kisha akamenya yai mbele yangu, nusu akampa binti, nusu akala mwenyewe. Mama mkwe akashika kichwa, akamgeukia dada.

"Mama, unatupatisha haya! Kaka yako iko mugeni!"

"Wakubwa na huyu, babu yao ni moja," dada akasema, bila kupandisha sauti. "Shamba njo hatuna tena. Mayai ya hapa, wageni hawatakula tena."

Nikacheka, nikaomba sombe nyingine. Sijawahi kukaribishwa vizuri kuliko siku ile, na njia nzima ya kurudi nilimsimulia kila niliyekutana naye kwamba nina dada.

Wapo waliomsema. Mumewe naye alinuna, maana rafiki zake walianza kupita mbali. Dada hakujali. Kuku wakikosa chakula, aliwachimbulia mchwa.

Mwaka huu nimerudi. Kitindamimba, aliyeanza kula mayai akiwa bado tumboni, amelingana kimo na binti yule aliyemtangulia. Binti ana afya, anasoma, ana maneno mengi kuliko sisi sote. Lakini urefu uliopotea mapema haukurudi wote. Mama mmoja muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alipita, akauliza kama ni mapacha. Moyo uliniuma kwa ajili ya dada.

Binti ndiye aliyejibu. "Hapana. Miye njo mukubwa."

Akaingia bandani kwa kuku, akatoka na yai bado lina joto, akamwekea mama yake mkononi. "Ya mutoto," akasema, akimwonyesha mdogo wake.

Dada alilichemsha, akalikata katikati, nusu ya mdogo, nusu ya mkubwa.