Ua Hili, Ua Huu

Mume wangu aliponiposa aliniahidi ua. "Nitakubandia ua yako," alisema, kwa Kiswahili chake cha Garissa kisichojali p na b, wala hili na huu. Mimi mtoto wa Lamu, niliyekulia kwenye harufu ya asumini, nikasikia ua la kunusa. Yeye, mfanyabiashara wa mifugo, alikusudia ua wa nyumba, ili wapita njia wasinione nikifua. Nilikuja kugundua nikiwa nimeshaolewa, na miaka hiyo ya tisini njia ya kurudi kwetu ilikuwa na majambazi.

Basi nilijipandia mwenyewe. Asumini niliyokuja nayo ilikauka njiani. Jirani mmoja, mke wa afisa aliyekuwa akihama, alinikatia kipande cha hanisako, mmea wa kutambaa wenye maua membamba meupe yanayogeuka manjano na kunukia jioni. Nikakipanda mbele ya nyumba, kando ya mabati makuukuu.

Mume wangu alifurahi kupita kiasi. Alipoona mmea unapanda na kufunga nafasi, akaanza kuumwagia samadi ya mbuzi, kitu ambacho Garissa hakijapata kuadimika. Ukanona. Majani yakashonana hata paka hapenyi, na kila Idd ilipokaribia alishika panga akausawazisha juu na ubavuni. Mamake alisifu kwamba huo ndio ua. Maua sikuona hata moja, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Nilikata tawi nikaenda nalo kumuuliza bwana kilimo aliyekuwa na kitalu cha miche karibu na mto. Aliposikia habari za samadi, panga na mabati, akavunja jani moja na kulitazama, alicheka.

"Mmeushibisha mno, mama," alisema. "Mmea ulioshiba hivi, ya nini uhangaike kutoa maua?"

Akanieleza niache samadi kabisa. Nibandue yale mabati yanayouzibia jua la asubuhi, nifunike mizizi kwa nyasi kavu ili miguu ipoe na kichwa kiote jua, na wale wadudu wadogo wa kijani waliojaa kwenye ncha niwaoshe kwa maji ya sabuni. Zaidi ya yote, mtu asiuguse kwa panga kabla haujachanua, kwa sababu maua hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita. Maana yake kila Idd tulikuwa tunayafyeka maua yangu kabla hayajazaliwa. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira.

Niligombana na mume wangu siku kadhaa hadi akakubali kuuacha mwaka mmoja na kubandua mabati. Mmea ukapungua unene, barabara ikaanza kuonekana kupitia matawi, na wa barabarani nao wakaanza kutuona. Mama mkwe alisema kwa Kisomali, akijua nasikia, kwamba mwanawe ameoa mwanamke anayetaka kutazamwa. Maji tuliletewa na mkokoteni wa punda, kwa hiyo niliunywesha yale niliyooshea mchele, na kila alfajiri baada ya sala nilikwenda kuukagua.

Mvua zilipopita, vikatokea. Vitumba vya kijani, viwili viwili kwenye kila kifundo cha tawi. Nililia, na sioni haya kusema.

Wiki ileile nikapata habari kwamba mama yangu anaumwa Lamu. Nilipokuwa nafunga mzigo nilimwambia mume wangu, "Lichunge ua langu."

Akaweka mkono kifuani. "Wallahi, ua yako nitachunga."

Mama nilimuuguza, nikamzika, nikarudi. Mume wangu alinipokea kwa furaha na kunishika mkono hadi mbele ya nyumba. Mabati mapya, marefu kuliko mtu, yaling'aa toka pembe hadi pembe. Alinieleza kwamba ule ua wa zamani ulikuwa umechakaa, unaianika nyumba nje, kwa hiyo ameung'oa na shina lake. Matawi yalikuwa yametupwa zizini. Mbuzi walikuwa wamekula vitumba vyote na kuacha vijiti.

"Nilikuambia ulichunge," nilisema.

"Nimechunga," alijibu. "Tazama, hata tundu moja hakuna."

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mume wangu hakuwa kiziwi, wala hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa mbaya ningejua pa kumshika. Alisimama pale na jasho lake la kazi akingoja nimshukuru, baada ya miaka yote ya kulala kitanda kimoja. Nikaingia jikoni kupika.

Jioni alimwambia mamake, mbele yangu, kwamba mkewe sasa ameizoea Garissa, hata kugombana ameacha.