Mtu wa Maji kutoka Itumbe

Kama kuna swali lililomchosha Apondi kuliko yote, ni lile la pili. La kwanza halina neno. Mtu akiuliza, "Kwenu ni wapi?" yeye hujibu, "Itumbe." Ndipo mtu huyo humkazia macho, akalipima jina lake, akatabasamu kama aliyefumania mwongo, na kuuliza, "Hapana, kwenu hasa?"

Hasa! Alizaliwa huko huko Itumbe, kwenye milima ya Kisii, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, baba yake Oketch akiwa fundi wa boila aliyetoka upande wa ziwa, Ujaluoni, tangu ujana. Likizo zote za shule alichuma chai kwa majirani. Alijua Ekegusii, lugha ya Wakisii, kabla ya Kijaluo, na Kijaluo chenyewe mpaka leo anakiongea kwa kubahatisha. Ziwa amelionea dirishani mwa basi. Maji yakimpita magoti, anaanza kusali.

Siku hizi anapanga kurasa katika duka la uchapaji mjini Kisii: kadi za harusi, na zaidi vijitabu vya mazishi, maana harusi huahirishwa lakini mazishi hayangoji. Hapo dukani ndipo alipofahamiana na Ogeto, mwalimu wa hesabu huko Mosocho, mtu mwema ambaye hajui kunyamaza akipata wazo. Ogeto alikuwa ametunga mchezo wa mezani. Si karata wala drafti. Kila mchezaji hujifanya mtu wa nchi ya kubuni, Ogeto husimulia yanayomkuta, mchezaji husema atafanya nini, kisha dadu huamua kama ameweza. Dadu zenyewe zilichongwa huko Tabaka kwa jiwe la sabuni, laini mpaka mtu hataki kuziachia.

Apondi aliupenda mchezo ule kwa moyo wote. Kila Jumapili alikuwa akienda kwa kina Ogeto, upande wa Nyamira, wakacheza pamoja na Masese, rafiki yao muuza simu.

Kilichomtia wazimu ni kanuni moja. Kabla ya kuanza, mchezaji huchagua kabila la kuzaliwa. Watu wa Mlima wana nyongeza ya alama mbili katika kupanda na kubeba mizigo. Watu wa Maji wana mbili za kuogelea na maneno matamu, lakini kwenye mteremko wanapunguziwa mbili. Ogeto aliapa kwamba alipotunga hakumfikiria mtu yeyote. Labda ni kweli. Lakini siku ya kwanza kabisa, Apondi hata hajafungua mdomo, kigae cha bluu, cha Watu wa Maji, kilikuwa kimeshasukumwa mbele yake.

"Wewe chukua Maji," Masese alimwambia. "Iko na nyongeza ya kuongea. Na nyinyi Wajaluo kwa kuongea mko sawa."

Masese huyo, Mkisii aliyekulia South B, Nairobi, ambaye Ekegusii chake kinaishia kwenye salamu, alijitwalia Mlima na hakuna aliyemuuliza kitu. Tangu hapo Apondi akawa anaanguka kwenye kila kilima cha nchi ile.

Jumapili moja maji yakazidi unga. Ogeto alitangaza kwamba kijitabu cha kanuni kimekamilika na kesho yake kinaenda kuchapwa, tena kwenye duka lile lile la Apondi. Yaani alitakiwa apange kwa mikono yake mwenyewe ukurasa unaosema kwamba mtu wa uzao fulani hawezi kupanda mlima.

"Ogeto, toa hiyo kitu kabla haijachapwa," alisema.

"Si ni mchezo tu? Hata kwa maisha, kila watu wako na kipawa chao."

"Kipawa gani? Mimi sijui kuogelea!"

"Lakini mhusika wako anajua," Ogeto akajibu, kwa ule upole wa walimu unaomfanya mtu atamani kurusha kiti.

Kabla hajajibiwa, Mama Ogeto alitokea mlangoni. Lori la kiwanda limewahi, na vikapu vya chai bado viko shambani juu. Wote wakatoka. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, njia yote utelezi. Masese, Mtu wa Mlima, hakufika mbali akakalia tope, chai ikatapakaa chini. Apondi alijifunga kikapu mgongoni, akaweka nyayo upande upande kama alivyozoea tangu utotoni, akateremka mpaka barabarani.

Mama Ogeto alimtazama kwa mshangao. "Kumbe hata nyinyi watu wa ziwa mnajua chai!"

Alisema kwa Kiswahili. Nyumba nzima aliisemesha Ekegusii, ng'ombe pia, lakini akifika kwa Apondi alibadilisha. Apondi alijibu kwa Ekegusii, kama kawaida. Naye mama, kama kawaida, akamsifu kwamba amejifunza haraka.

Waliporudi mezani Ogeto alikuwa ameng'aa uso. "Nimepata dawa! Mtu wa Maji aliyelelewa mlimani anapata nyongeza ya moja."

"Moja?"

"Nusu ya ile ya Mlima. Unajua, damu pia..."

Apondi alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto.

"Nusu! Masese amekalia matope hapo nje na bado ako na mbili! Usiniandikie kanuni ya huruma, Ogeto. Uliza mtu amelelewa wapi na anajua kazi gani, umpe alama zake. Aliyemzaa anakuhusu nini? Kama hutaki, tafuta duka lingine. Na mchezaji mwingine pia!"

Alitaka mahali pamoja tu, hata pa kubuni, ambapo angehesabiwa kuwa wa pale alipokulia. Kama hata hapo hapakuwepo, hakuona sababu ya kurudi.

Masese alijipangusa tope. "Mwalimu, hata mimi hiyo Mlima ilikuwa inanipea presha."

Ogeto alivikusanya vigae vyake vyote na kuvitia sandukuni.

"Haya, tuanze upya. Masese, umelelewa wapi?"

"South B."

"Unajua nini?"

"Kuvuka Mombasa Road na miguu."

"Mbili za kukwepa hatari. Apondi, umelelewa wapi?"

"Itumbe."

Ogeto akaandika. Apondi alikaza meno akisubiri swali la pili, maana hajawahi kulikosa. Na kweli likaja, ila lilitoka mlangoni, kwa Mama Ogeto aliyesimama na chupa ya chai, akiwa amesikia kelele zote. Safari hii alimsemesha Ekegusii.

"Itumbe ya wapi? Juu ya kiwanda au chini?"

Apondi alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu kwa ukali. Ukali ukakosa pa kwenda.

"Chini, Mama. Zile nyumba za wafanyakazi."

"Basi Abigael wa mandazi unamjua."

"Amenilisha mandazi utoto wangu wote."

Mama Ogeto aliweka chupa mezani, juu ya dadu, akavuta kiti.

"Hebu niambie," akasema, "bado ana ule mdomo wake?"